Score, dozen, korija: neno lipi kwa hesabu ipi?

Abraham Lincoln alipohutubia Gettysburg, Pennsylvania, tarehe 19 Novemba 1863, hakutaja miaka themanini na saba moja kwa moja. Aliihesabu kwa mafungu ya ishirini: mafungu manne, kisha saba juu yake. Neno alilolitumia kwa fungu ni *score*. Neno hilohilo leo liko kwenye kibao cha matokeo uwanjani, kwenye karatasi ya mtihani, kwenye habari zinazosema *scores of people*, na kwenye maelekezo ya kupika samaki. Kiswahili hakina neno moja la kuyabeba yote hayo, na hakilihitaji. Kinachohitajika ni kujua *score* ilianzia wapi, kisha kuiweka kando ya wenzake wa kuhesabia, *dozen*, *gross* na *tally*, ili mfasiri, mwalimu au karani wa ghala ajue lini aandike korija, lini dazani, lini makumi, na lini aachane na namba kabisa.

Moja ilikuwa mkato, nyingine ilikuwa namba tangu mwanzo

*Score* limetoka Kinorse cha kale, lugha ya Waviking waliovamia na kukaa Uingereza. Kwao *skor* ilikuwa pengo lililochongwa kwenye kijiti kwa kisu. Shina lake ni la kukata, na ndilo lililozaa pia *shear*, kukata manyoya ya kondoo, na *share*, fungu ambalo mtu amekatiwa. Kwa hiyo maana ya ishirini ilikuja juu ya maana ya mkato, haikutangulia.

Mkato uligeukaje ishirini? Maelezo yanayokubalika ni ya mchungaji. Anahesabu kondoo kwa mdomo kuanzia moja mpaka ishirini, anachonga pengo moja kwenye kijiti, kisha anarudi kwenye moja. Kondoo 73 wanakuwa mapengo matatu kwenye kijiti na kumi na tatu mdomoni. Kaskazini mwa Uingereza zimebaki hesabu za namna hiyo zinazoanza *yan, tan, tethera* na kufikia *jiggit*, yaani ishirini, halafu zinaishia hapo. Hakuna ishirini na moja. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu hahitaji kujua majina ya namba kubwa. Hatari yake iko palepale kwenye kisu: ukisahau kuchonga pengo moja, hukukosea kondoo mmoja, umepoteza ishirini kwa mpigo. Ndiyo maana pengo huchongwa kwanza, kabla mdomo haujarudi kwenye moja.

*Dozen* ilipita njia nyingine. Ni *douzaine* ya Kifaransa, iliyotengenezwa kutokana na *douze*, kumi na mbili, ambayo nayo ni *duodecim* ya Kilatini. Hapa hakuna kijiti wala kisu. Ni namba iliyoongezewa mkia. Na mkia huo, *-aine*, una tabia ambayo msomaji wa Kongo au Burundi anaijua vizuri. *Une quinzaine* na *une vingtaine* mara nyingi maana yake ni "kama kumi na tano", "kama ishirini". Ni kiasi, si idadi kamili. *Dozen* imeirithi tabia hiyo nusunusu: dukani ni kumi na mbili kamili, bila mjadala, lakini kwenye mazungumzo *a dozen people* wanaweza kuwa kumi na mmoja au kumi na wanne. Ukifasiri ankara, andika 12. Ukifasiri masimulizi, "watu kama kumi na wawili" ndiyo inayosema kweli.

Kugawana: kumi na mbili dhidi ya ishirini

Wauza bidhaa hawakuichagua kumi na mbili kwa bahati nasibu. Inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita. Ishirini inagawanyika kwa mbili, nne, tano na kumi. Wenzi watatu wakinunua dazani ya sahani, kila mmoja anabeba nne na wanaagana kwa amani. Wakinunua ishirini, kila mmoja anapata sita na mbili zinabaki mezani zikiwatazama. Wakiwa watano, hali inageuka: ishirini inawapa nne kila mmoja, dazani inabakiza mbili. Kwa hiyo kama unapanga vifungashio vya kuuzia rejareja, anza na swali la wateja wako wananunua wangapi kwa pamoja, si la namba ipi inapendeza.

Vifungashio vya kwetu vinalitii jambo hili kwa kiasi. Kreti ya soda ya chupa 24 ni dazani mbili kamili. Trei ya mayai ya 30 ni dazani mbili na nusu, na hapo ndipo mwenye oda ya hoteli iliyoandikwa kwa *dozen* anapokosea: dazani 20 ni mayai 240, yaani trei 8 kamili, lakini dazani 24 ni mayai 288, yaani trei 9 na mayai 18 ya trei ya kumi. Geuza kwanza kuwa mayai, ndipo ugawanye kwa 30.

Kuna wakati kumi na mbili na ishirini ziliishi mfuko mmoja. Mpaka tarehe 15 Februari 1971, shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo pauni moja ni peni 240. Dazani chini, *score* juu. Shilingi ya Afrika Mashariki iligawanywa kwa senti 100, hivyo dazani ikatoka, lakini ishirini ikabaki: shilingi 20 zilihesabiwa pauni, na wazee wengi bado wanaikumbuka pauni hiyo. Nairobi leo shilingi ishirini ni mbao, na kondakta anayesema "mbao, mbao" anataja *score* ya shilingi kila anapoita abiria.

Gross, na mtego wake

*Gross* ya kuhesabia ni kifupi cha *grosse douzaine*, dazani kubwa: dazani kumi na mbili, vitu 144. Bado inaandikwa kwenye ankara za penseli, vifungo, zipu na vitu vingine vidogo. Kiswahili cha biashara kinaisema vizuri tu kwa "dazani kumi na mbili", na nakushauri uandike hivyo na tarakimu kando yake, kwa sababu *gross* nyingine inaishi jirani: ile ya uzito na mshahara, ambayo kwetu ni ghafi. Uzito ghafi ni mzigo pamoja na boksi lake; mshahara ghafi ni kabla ya makato.

Zote mbili zimetoka neno moja lenye maana ya kubwa au nene, ila kwenye karatasi hazifanani ukitazama vizuri. Namba ikitangulia na bidhaa ikifuata, *10 gross pencils*, hiyo ni hesabu: penseli 1,440. Ikifuatwa na uzito, kipato au faida, hiyo ni ghafi. Anayechanganya hapa anaagiza penseli kumi, au anaandika "penseli ghafi", na kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linasomeka kama lina maana.

*Baker's dozen* ni kumi na tatu. Inahusishwa na sheria ya mkate ya Uingereza ya karne ya 13, iliyowaadhibu waokaji waliopunja uzito. Mwokaji aliongeza mkate mmoja ili asije akaonekana amepunja. Muuza nyanya wa kwetu anayekutupia moja juu ya fungu analijua jambo hilo bila sheria, na neno lake ni nyongeza. "Dazani na nyongeza" inamfikia msomaji haraka kuliko "dazani ya mwokaji".

Korija: ishirini ya Bahari ya Hindi

Hapa ndipo Kiswahili kina mali ambayo wengi wameisahau. Korija, au korja kama inavyoandikwa kwingine, ni vitu ishirini, hasa nguo. Neno limetembea baharini: kuna *kori* ya Kihindi yenye maana ya ishirini, Wareno wakaandika *corja*, na Waingereza wa Bara Hindi wakaandika *corge*. Lilifika pwani yetu pamoja na marobota ya vitambaa, na likabaki kwenye biashara hiyo.

Kwa hiyo Kiingereza kikisema *a score of cloths*, korija si tafsiri ya kukisia, ni neno lenyewe la kazi. Lakini lina mipaka mitatu, nami naisisitiza kwa sababu neno zuri likitumiwa vibaya hufa haraka.

Kwanza, ni la bidhaa. Korija ya kanga ni sawa. Korija ya watu, miaka au ng'ombe inasikika kama mzaha. Pili, uliza korija ya nini. Kanga huuzwa kwa doti, na doti moja ni vipande viwili. Korija ya doti ni vipande 40. Korija ya vipande ni doti 10. Kwenye stakabadhi andika "korija 1 (doti 20, vipande 40)" na hutagombana na mtu wakati wa kupokea mzigo. Tatu, msomaji kijana huenda hajalisikia kabisa. Mara ya kwanza mpe maana yake, "korija moja, yaani ishirini", kisha endelea nalo bila kumrudishia.

Dazani, ambayo wengine huitamka dazeni, haina tatizo la kusahaulika. Madaftari, vikombe, vijiko, sabuni: kila duka la jumla linaijua. Ikiwa unachagua kati ya hizo mbili kwa bidhaa isiyo nguo, chukua dazani, au andika ishirini kwa tarakimu.

Tally: kijiti kizima

Watu huchanganya *score* na *tally* kwa sababu zote zilianzia kwenye kijiti. Tofauti ni hii: *score* ni pengo, *tally* ni kijiti chenye mapengo. *Tally* inatokana na *talea* ya Kilatini, kijiti au tawi lililokatwa.

Hazina ya wafalme wa Uingereza iliendesha hesabu zake kwa vijiti hivyo tangu karne ya 12, na kanuni za kuchonga ziliandikwa kwa ukamilifu wa kushangaza. Pauni 1,000 ilikuwa pengo lenye upana wa kiganja. Pauni 100, upana wa kidole gumba. Pauni 20, upana wa kidole kidogo, na hapo unaiona ishirini ikipewa alama yake yenyewe. Pauni moja ilikuwa unene wa punje ya shayiri iliyokomaa. Shilingi ilikuwa nyembamba zaidi, na peni ulikuwa mstari wa kisu tu, bila kutoa hata unga wa mbao.

Mapengo yakishachongwa, kijiti kilipasuliwa kwa urefu, kila nusu ikabaki na mapengo yaleyale. Nusu ndefu, *stock*, alipewa aliyetoa fedha. Nusu fupi, *foil*, ilibaki kwa mdaiwa. Siku ya kulipa, nusu mbili ziliwekwa pamoja. Aliyeongeza pengo upande wake alijulikana hapohapo, kwa sababu upande wa pili ulikuwa mzima, na nyuzi za mti hazikubali kufananishwa na kijiti kingine.

Utaratibu huo ulikoma mwaka 1826. Miaka minane baadaye, tarehe 16 Oktoba 1834, vijiti vilivyorundikana viliamriwa vichomwe kwenye matanuri yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Malordi. Moto ukazidi, na jumba la Bunge la Westminster likateketea.

Picha ya nusu mbili zinazokutana ndiyo inayomsaidia mfasiri. *The figures don't tally* ni "hesabu hazioani", na sijaona tafsiri inayokaa vizuri kuliko hiyo. "Hazilingani" nayo inafaa. *Death tally* ni idadi ya waliokufa, basi. Na *tally marks* za darasani ni vijistari: vinne vilivyosimama na cha tano kikivikata kwa mshazari, ili jicho lihesabu tano tano.

Habari: scores na dozens

Hapa ndipo makosa yanapotokea kila siku. *Dozens of people* ni watu wasiopungua 24 hivi, *scores* ni wasiopungua 40 hivi, na *hundreds* ni mamia. Mwandishi wa Kiingereza anapanda ngazi tatu. Kiswahili kina ngazi mbili tu zilizozoeleka, makumi na mamia, kwa hiyo *dozens* na *scores* zote zinaangukia kwenye makumi.

"Watu kadhaa" haitoshi. Kadhaa inaweza kuwa wanne, na kwenye habari ya ajali ya boti hiyo ni kuwapunguza waliokufa. "Madazani ya watu" nayo tuiache. Dazani ni ya vikombe. Njia ya kuaminika ni kusoma habari mpaka mwisho kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Mara nyingi idadi imo aya ya nne au ya tano: 46, 58. Iandike hiyo. Kama haimo kabisa, "makumi ya watu" inafaa kwa zote mbili, na ukitaka kuibakiza tofauti ya *scores*, "watu zaidi ya arobaini" ni sahihi endapo tu chanzo chako kinaruhusu.

Lincoln, Zaburi, na jirani wa Kifaransa

Kwa hotuba ya Gettysburg kuna chaguo tatu. "Miaka themanini na saba iliyopita" ni sahihi, na kwa darasa la historia inatosha: 1863 ukitoa 87 unapata 1776, mwaka wa tangazo la uhuru wa Marekani. "Ishirini nne na saba" inajaribu kufuata muundo, lakini sikio la Mswahili linasikia ishirini na nne, kisha saba, na wapo watakaojumlisha 31. Iepuke. "Miongo minane na miaka saba" ndiyo ningeichagua kwa msomaji wa fasihi. Muongo ni miaka kumi, si ishirini, lakini unampa msikilizaji kile Lincoln alichokitafuta: namba inayotembea polepole kwa uzito wa ibada.

Uzito huo ulitoka kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambayo katika Zaburi ya 90 inaihesabu miaka sabini kwa ishirini tatu na kumi. Biblia ya Kiswahili ya Union imeandika "miaka sabini" waziwazi, na imefanya vizuri. Kiebrania chenyewe hakihesabu kwa ishirini pale.

Waingereza si peke yao katika hesabu hii. Kifaransa cha Ufaransa kinasema themanini kama nne-ishirini, *quatre-vingts*, na 97 kama nne-ishirini-kumi-na-saba. Hospitali ya Quinze-Vingts ya Paris, iliyoanzishwa na Mfalme Louis IX katika karne ya 13, jina lake ni ishirini kumi na tano: vitanda vya vipofu 300. Wakongomani, waliojifunza Kifaransa cha Ubelgiji, wana *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90, lakini 80 kwao pia imebaki *quatre-vingts*. Anayefika Paris akatajiwa namba ya simu kwa mdomo ajihadhari: akisikia *quatre-vingt* asiandike 4 na 20 haraka, wala asisikie *soixante* akaandika 60 papo hapo. Asubiri neno linalofuata. *Soixante-douze* ni 72.

Pasipo na ishirini kabisa

Mapengo ya kijiti yalitumika pia kuandika deni la pombe na deni la dukani, na kutoka kwenye deni *score* ikawa hesabu yoyote inayowekwa, kisha pointi za mchezo. Ndiyo maana *settle a score* ni kulipiza kisasi: ni kufunga deni. *On that score* ni "kwa upande huo".

Mtihanini, *score* ni alama, na alama ndiyo mkato wenyewe kwa lugha nyingine: ishara iliyowekwa ili isisahaulike. Uwanjani, kitenzi ni kufunga, kinachofungwa ni bao au goli, na *the score* ni matokeo: "Matokeo ni 2-1", si "alama ni 2-1". Kwenye ndondi au riadha ya pointi, rudi kwenye pointi. Kwenye muziki, *score* ni muziki ulioandikwa kwa nota, na iliitwa hivyo kwa sababu ya mstari wa wima unaokata mistari ya sauti zote na kuziunganisha.

Na jikoni neno limebaki palepale lilipozaliwa. *Score the fish on both sides* haina alama wala ishirini. Mchanje samaki pande zote mbili: mikato mitatu au minne ya mshazari kila upande, kina cha kukaribia mfupa bila kuugusa, ili chumvi, ndimu na tangawizi viingie ndani, na ngozi isijikunje mafuta yakishika moto.